Maji ya chumvi nayo ni maji

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Muuguzi ana nafasi gani katika kuyafanya mazingira ya mtaa yawe ya afya?", limenigusa pabaya. Kila ikikaribia Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawaona wauguzi wetu wa Dar es Salaam na sare zao na glavu, wanafagia soko, wanazibua mtaro, wanapigwa picha. Wiki haiishi, mtaro umeziba. Mtaro una wenyewe. Kata ina bwana afya au bibi afya, mtaa una mtendaji, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia uani, kukagua choo na kumwandikia mwenye nyumba notisi. Muuguzi hana notisi. Akikuta choo kinavujia kwa jirani atapiga hodi, atasalimia, ataelimisha, ataaga, na choo kitaendelea kuvuja.

Basi nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa fupi: mwacheni muuguzi zahanati, mpeni kalamu.

Kalamu, kwa sababu ya kile kitabu kinachodharauliwa kuliko vyote pale mapokezi, rejista ya wagonjwa wa nje, ambayo kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu vya vituo vya afya, ni namba 5. Kina jina, umri, ugonjwa, na kina mahali pa kuandika makazi. Foleni ikiwa ndefu, makazi yanajazwa neno moja, jina la kata nzima: "Manzese". Manzese ipi? Wagonjwa wanane wa kuhara walioandikwa "Manzese" hawakuambii kitu. Waandike mtaa, jina la mjumbe wa shina na alama ya karibu, tuseme nyuma ya msikiti, kwa mwenye mashine ya kusaga, na hapo ndipo utaona kwamba kati ya wale wanane, watano wanatoka ua mmoja. Bwana afya anaweza kutumwa kwenye ua mmoja. Manzese nzima ataizunguka mpaka lini?

Wanaokikumbuka kipindupindu cha 2015 watanielewa. Kilianza Agosti, Kinondoni, kikaingia Ilala na Temeke, kikatoka nje ya mkoa, mpaka sherehe za Uhuru za Desemba 9 zikageuzwa siku ya usafi na Rais Magufuli mwenyewe akaonekana akiokota taka maeneo ya Feri. Magari ya matangazo yalikuwa na wimbo mmoja: chemsheni maji ya kunywa. Na watu walichemsha. Kulikuwa na ua mmoja wa nyumba za kupanga, vyumba kumi na kitu, choo kimoja, kisima kimoja cha pete za zege, ambao walichemsha kweli. Wasio na mkaa wa kutosha walitumia vidonge, kimoja cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20, na kusubiri nusu saa kama pakiti inavyosema. Wakaendelea kuugua. Leo mmoja, keshokutwa mwingine. Maneno yakaanza kupita kwamba vidonge vyenyewe ndivyo vinavyoharisha.

Muuguzi wa zahanati ya jirani akabadilisha swali moja. Aliacha kuuliza "mnakunywa maji gani?", maana jibu alishalijua: ya bomba, tumenunua kwa mkokoteni, tumechemsha. Akauliza, "Na vyombo mnaoshea maji gani, mama?"

Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa sana hapo. Kisima cha uani ni maji chumvi, hayanyweki, sabuni inagoma kutoa povu. Kwa hiyo hayahesabiwi kuwa maji. Ukimuuliza mtu anapata wapi maji anakutajia dumu alilolinunua. Kisima ni cha kuoshea vyombo, kunawa, kusukutua, kuoshea nyanya za kachumbari na kumwogesha mtoto, ambaye naye hafumbi mdomo. Sahani inatoka kwenye beseni bado inachuruzika maji ya kisima, inapakuliwa wali. Na kwa mama lishe wa mlango wa pili, beseni lile lile lilikuwa linasuuza sahani za wateja wote wa mchana.

Kisima chenyewe pete ya juu ilishapasuka, mfuniko hakuna, na kamba ya ndoo ya kuchotea inalala kwenye tope linalotoka bafuni. Choo kiko hatua nane, ilhali ushauri ni mita 30. Mabondeni, karibu na mto Msimbazi na vijito vyake, maji ya ardhini yako juu kiasi kwamba shimo la choo na kisima vinachota sehemu moja. Vuli ikianza kunyesha wapo wanaosubiri usiku ili watapishe choo: wanatoboa ubavu wa shimo, mvua inabeba. Asubuhi hakuna aliyeona.

Kilichofuata ndicho hukosewa kila mara, kwa hiyo nitasema kwa vipimo. Walimwaga klorini kisimani. Siku hiyo pakanuka, kila mtu akaridhika, siku ya pili haimo. Kisima kilichopasuka kinaingiza uchafu mpya kila saa, na maji yenye tope huila klorini kabla haijafika kwa vimelea. Linalofaa ni kutia dawa kwenye ndoo, pale pale kisimani, mtu mmoja amekaa na bomba la sindano la mililita 5 lililotolewa ncha. Unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 15, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, unakorogwa katika lita 1 ya maji. Hiyo ni dawa ya asilimia 1. Kila ndoo ya lita 20 anaitia mililita 4, na maji yakiwa na ukungu, mara mbili yake. Baada ya nusu saa anapima kwa kidonge cha DPD, cha kupimia klorini: maji yageuke rangi ya waridi, yafike kwenye alama ya miligramu 0.5 kwa lita. Yasipogeuka, anaongeza dawa. Vyombo vya mama lishe vioshwe kwa sabuni kwanza, visuuzwe, ndipo vitumbukizwe kwenye dawa ya asilimia 0.05, ambayo ni kijiko kile kile cha unga katika lita 20, kisha viachwe vikauke vyenyewe. Ukivifuta kwa kitambaa cha begani umerudi ulikotoka.

Napo hukosewa: kijiko cha mlima kinatumika badala ya kilichosawazishwa, harufu inazidi, watu wanamwaga maji na kuja kuchota mengine usiku wakati mwenye bomba la sindano ameshalala. Au mkebe wa unga unaachwa wazi kwenye joto letu hili, unapoteza nguvu, na mtu anaendelea kupima mililita 4 za kitu ambacho si klorini tena. Dawa ikorogwe kila asubuhi, iwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, kivulini. Chombo cha bati kinaliwa na dawa. Na isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu inatoa gesi ya kukaba pumzi.

Naona nimeganda kisimani. Dengi niipitie haraka, maana ya 2014 na 2019 hatujaisahau. Tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vizuri. Lakini mbu wa dengi anatoka yai hadi kuruka kwa siku saba mpaka kumi, kwa hiyo kati ya Jumamosi moja na nyingine bibi, mama na mjukuu wote wameshauma. Ndoo, vifuu na tairi vimwagwe maji kila wiki, na ndoo isuguliwe kwa brashi, kwa kuwa mayai yananata ukutani na huvumilia ukavu kwa miezi. Hapa tena ni kalamu: wagonjwa watatu wenye homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, wote wanaishi nyuma ya gereji moja. Andika gereji.

Nimejisoma upya, mhariri, na naona nimejikanusha. Lile swali la vyombo halikutoka kitabuni. Namba 5 haina sehemu ya vyombo. Muuguzi yule alilipata kwa sababu aliwahi kuingia ule ua siku ya kufuatilia watoto waliokosa chanjo, akaona beseni. Angebaki zahanati kama nilivyomtaka mimi pale juu, angekuwa na rejista safi, shina sahihi, na swali lisilo sahihi. Tena lile nililolilalamikia, kwamba hana notisi, ndilo lililomfungulia mlango. Bwana afya akiingia, kisima kinafunikwa kwa bati na jibu ni moja: "Hicho hatukitumii." Kwa muuguzi akina mama waliendelea kuosha sahani.

Basi atoke. Saa mbili kwa wiki, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeijua kila nyumba, mkononi ana orodha kutoka kwenye rejista, fagio aliache. Ila nina mashaka yangu. Zahanati yenye muuguzi mmoja kwa zamu, asitoke. Mjamzito mwenye uchungu hataambiwa arudi Alhamisi. Akifika uani aanzie nyumba ya jirani, asiende moja kwa moja kwa mgonjwa, wapangaji wasije wakamnyooshea mtu kidole na mwenye nyumba akamhamisha. Alichokiona amwambie bwana afya siku hiyo hiyo, asingoje ripoti ya mwezi. Kipindupindu, hata akishukiwa mgonjwa mmoja tu, taarifa haizidi saa 24.

Na zipo zahanati ambazo ningezizuia kutoka kwanza, zile zinazofukiza majirani. Sanduku la sindano lifungwe likifika robo tatu, na taka za kawaida, maganda ya machungwa na mabaki ya chakula cha wauguzaji, zisiingie tanurini pamoja na taka za wodini. Zina maji, zinashusha joto, plastiki haiungui ikaisha, na moshi mweusi unashukia nguo za watu kwenye kamba.