Uliza Fundi: Kioo cha mbele kina mikwaruzo, dawa ya meno inasaidia?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi niko Kigamboni, nina IST nilinunua mkononi kwa mtu mwaka jana. Mchana kioo cha mbele nakiona kiko poa tu, ila usiku nikipishana na gari yenye taa kali basi mbele yangu inatokea kama upinde wa mistari midogo midogo mpaka nakaza macho. Nimeona kwenye video wanasema dawa ya meno, nikasugua nusu saa mkono ukaniuma na mistari ipo palepale. Kijana wa gereji kaniambia ninunue kioo kipya. Kuna namna ya kuitoa nyumbani au ndo nijiandae na hela? (Mama Wawili, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mama, na pole na macho. Huo upinde unaousema mimi hata sijauona lakini nishajua umechorwa na nini, ni waipa. Raba ikishakauka na kukatika ule mdomo wake inabeba mchanga, na mchanga wa huko kwenu Kigamboni mnaujua wenyewe, afu mtu anawasha waipa kioo kikavu ili atoe vumbi, hapo ndo anachora. Kwahiyo kabla ya kugusa kioo nenda kabadilishe raba za waipa kwanza, maana ukipolishi leo na raba ile ile baada ya wiki mbili utaniandikia tena.

Sasa kuhusu dawa ya meno. Ugumu wa vitu kuna kipimo chake kinaitwa Mohs, kinaanzia 1 mpaka 10, almasi ndo ina 10. Kioo cha gari kiko kama 5 na nusu hivi na mchanga mweupe wa kawaida uko 7, ndo maana mchanga unakishinda kioo. Ile chokaa iliyoko kwenye dawa nyingi za meno iko 3 tu, yaani hata ukisugua mpaka Krismasi haimegi kioo, inachofanya ni kutoa uchafu na mafuta watu wanaona kimeng'aa wanasema imefanya kazi.

Cha kwanza nataka ujue kama hiyo ni mikwaruzo kweli, maana magari mengi yanayoletwa kwangu nusu ya "mikwaruzo" ni chumvi ya maji iliyokaukia kwenye kioo, hasa mnaooshea maji ya kisima. Osha kioo na sabuni, kikauke, weka siki nyeupe kwenye kitambaa ulaze hapo dakika 5 afu ufute. Ikiondoka, hadithi imeisha. Isipoondoka, chukua kucha pitisha taratibu kukata ule mstari. Kucha ikiteleza kama hakuna kitu, huo mkwaruzo ni wa juu juu na unatoka. Kucha ikinasa hata kidogo tu, mama achana nao, ntakwambia kwanini.

Wa juu juu unatoka na seriamu oksaidi. Ni poda laini ya rangi ya waridi iliyopauka au nyeupe, wanaopolishi lenzi na vioo wanaitumia miaka mingi, waulize mafundi vioo watakuelekeza pa kuipata. Usinunue polishi ya rangi ya gari ukadhani ni kitu kimoja, ile ni ya bodi.

Paki gari kivulini, kioo kiwe baridi. Ingia ndani uweke alama na kalamu ya maka nyuma ya mistari, kwa sababu ukishapaka poda huoni tena ulikuwa unashughulika na wapi. Funika boneti na zile raba za pembeni na nailoni na utepe, hiyo poda ikikaukia kwenye raba kuitoa ni kazi nyingine. Koroga na maji iwe kama uji mwepesi wa mtoto. Unafunga pedi ya felti (kile kitambaa kinene cha sufu iliyogandamizwa) kwenye drili, iende mwendo mdogo, huku una chupa ya maji ya kupuliza, kisikauke hata mara moja. Usikandamize na usikae sehemu moja, tembeza eneo kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe. Kila baada ya dakika mbili tatu simama weka kiganja, kikiwa cha uvuguvugu endelea, kikikuunguza acha kipoe chenyewe, na usije ukakimwagia maji ya baridi, kitakuimbia "tak" na hapo ndo kweli utanunua kipya. Kuwa na subira, saa nzima au mbili kwa huo upinde ni kawaida. Kwa mkono pia inawezekana ila ni kwa ukungu mdogo tu na utatoka jasho. Na vaa barakoa unapokoroga ile poda ikiwa kavu.

Haya, kwanini ukinasa kucha uache. Ili ufute mtaro lazima ushushe kioo chote cha pembeni kifike chini ya mtaro, unabaki na kibonde. Mimi nilishafanya huo ujinga zamani, gari ya taksi, mkwaruzo mmoja mbele ya dereva, nikang'ang'ana nao na drili hapo hapo mpaka ukapotea, nikajisifu kweli. Jioni jamaa karudi anasema fundi, barabara inacheza. Nikakaa kwenye kiti chake, kila nikisogeza kichwa mstari mweupe wa lami unajikunja kama nyoka kwenye maji. Kibonde kimekuwa lenzi. Kioo nilikilipa mimi.

Kwahiyo yule kijana wa gereji hajakudanganya moja kwa moja, ila kakimbilia mbali. Jaribu siki, jaribu kucha, ndo uamue. Na wale wenye magari mapya yenye kamera nyuma ya kioo karibu na kile kioo cha kuangalia nyuma, pale mbele ya kamera msipolishi kabisa.

SWALI: Fundi mambo, dogo alibandua stika ya zamani na wembe kwenye kioo, sasa pamebaki michirizi. Wembe umekwaruza? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Poa. Wembe mpya kwenye kioo chenye maji ya sabuni mara nyingi haukwaruzi, kinachokwaruza ni vumbi lililokuwa chini yake kama alikwangua kikavu. Ila hiyo yako mi nahisi ni gundi. Paka mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, subiri ilainike, futa, osha na sabuni. Halafu mpe dogo pole kama ulishamfokea.

SWALI: Habari fundi. Nasikia rangi ya kucha ile isiyo na rangi inaziba mkwaruzo wa kioo, ni kweli? Na vioo vyangu vya milangoni vina mistari ya kusimama, hiyo nayo waipa? (Baba Neema, Morogoro)

JIBU: Salama baba. Rangi ya kucha inajaza tu ule mtaro usionekane sana, haiondoi kitu, jua na waipa vitaitoa. Kwa kamkwaruzo kadogo pembeni sawa, mbele ya macho ya dereva hapana, usiku inawaka. Na kama ni jiwe limerukia pakatoboka kidogo hilo sio la rangi ya kucha wala kupolishi. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa na plastiki katikati, hapo anatafutwa fundi wa kudunga gundi maalumu, na uwahi kabla maji na uchafu havijaingia, kwa sasa bandika selotepu juu yake.

Mistari ya milangoni ni mchanga uliojificha kwenye ile velveti kioo kinapopandia. Kila ukishusha kioo unakwangua. Shusha, pitisha brashi ya meno iliyozeeka na maji ya sabuni huko ndani mpaka maji yatoke masafi, na kama velveti imeisha nunua nyingine. Mistari iliyopo pima na kucha kama nilivomwambia Mama Wawili hapo juu.