Ukianza kusoma mashauri ya kale ya Uingereza, achana kwanza na kamusi

Mwaka wangu wa kwanza wa sheria nilijaza daftari zima maana za majina ya aina za mashauri hayo: trova, detinyu, replevini, asampsiti. Niliyakariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura. Mtihani ukauliza kwa nini mkopeshaji wa zamani aliliacha shauri la deni akafungua la asampsiti, yaani la kuvunja ahadi. Nikabaki natazama dari.

Nyinyi mnaoanza, anzeni na mlango, yaani hati ya kufungulia shauri. Enzi hizo mwenye malalamiko alinunua kwanza hati katika ofisi ya mfalme, na kila hati ilikuwa na maneno yake, utaratibu wake na namna yake ya ushahidi. Ukichukua isiyokufaa, shauri linatupwa hata kama kila mtu anajua umeonewa. Kwa hiyo kila ukikutana na neno geni, jiulize: mdai alipaswa kusimulia nini ili aingie?

Chukua trova. Mdai alisema mali ilikuwa yake, ikampotea, mdaiwa akaiokota na kuifanya yake. Mara nyingi hakuna kilichopotea wala kuokotwa, na mahakama haikumruhusu mdaiwa kubishia kipande hicho. Mwanzoni niliona ni upuuzi wa Waingereza. Kumbe mlango wa zamani, detinyu, yaani kudai mali yako inayozuiliwa na mwingine, ulikuwa na tundu: mdaiwa aliweza kuapa kwamba hadaiwi, akaleta watu 11 waape kwamba kiapo chake ni cha kweli, akaenda zake nyumbani. Kwenye trova jambo liliamuliwa na jopo la raia. Nani asingedanganya kidogo?

Shauri la deni lilikuwa na tundu hilohilo. Ndiyo maana shauri la Slade la mwaka 1602 lina uzito. Mtu alinunua nafaka ya Slade ikiwa bado shambani kwa pauni 16, hakulipa, na majaji wakakubali adaiwe kwa asampsiti. Ahadi yenyewe ilihesabiwa kuwa imo ndani ya mapatano. Kwenye asampsiti nako mdaiwa hakuponea kiapo, na hapo ndipo penye jibu la mtihani wangu.

Mlango mwingine, trespasi, ulihusu dhara la moja kwa moja. Lililokuja kwa kuzunguka lilikuwa na hati nyingine. Mpaka wake usome katika shauri la Scott na Shepherd. Mwaka 1770, Milborne Port, Shepherd alirusha fataki inayowaka sokoni; mtu mmoja akaitupa mbali, wa pili naye vivyo hivyo, ikalipuka na kumtoboa Scott jicho. Majaji wengi walisema ni trespasi. Mwenzao, Jaji Blackstone, akakataa. Msome yeye kwanza, ndipo mtaona ugomvi uko wapi.

Mageuzi ya 1852 na ya 1873 hadi 1875 yaliuondoa mfumo huo wa milango, ila madai yenyewe kama detinyu yakabaki. Replevini iacheni kwa sasa, mtaikuta kwenye mambo ya kukamata mali kwa ajili ya kodi ya pango.

Msidhani haya ni ya makumbusho. Sheria ya Kenya inataja tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania 22 Julai 1920, kuwa kikomo cha sheria za Bunge la Uingereza zilizopokelewa huku. Uingereza waliifuta detinyu mwaka 1977, baada ya tarehe zote mbili, kwa hiyo ufutaji huo haukufika huku. Mteja ambaye gari lake limezuiliwa gereji Nairobi bado anaweza kulidai kwa jina hilohilo.