Kabla ya safari, tazama maji: maswali yenu kuhusu matembezi ya Mombasa

Tulifika ufuo wa Nyali na watoto saa nne asubuhi tukakuta bahari imekwenda zake, mwamba mtupu. Tulikosea wapi? (Mama wa watatu, Nakuru)

Mahali hamkukosea, dada, mlikosea siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na Mombasa maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri. Tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Wiki moja baadaye huja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu: asubuhi saa hizohizo utaikuta bahari imejaa na imetulia, watoto waogelee hadi wachoke. Kwa hivyo kabla hujauliza bei ya chumba, uliza maji. Mvuvi yeyote atakwambia.

Lakini hata saa ya kupwa msiitupe. Wavisheni watoto viatu vya mpira, mtembee mwambani polepole, mchungulie vidimbwini. Mwanangu alikaa nusu saa amechutama mbele ya kiti cha pweza mmoja mwekundu, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, akisubiri asogee, na kweli alisogea. Tazameni, msiwachukue. Jihadharini na wale wenye miiba myeusi mirefu kama sindano, ikivunjikia mguuni hutoki leo. Na maji yakianza kurudi, nanyi rudini papo hapo, kwani hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu.

Nina siku moja tu. Fort Jesus au Mji wa Kale? (Mwanafunzi, Eldoret)

Vyote, ni majirani. Anza na ngome mapema jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ukisimama juu ya kuta ukitazama mlango wa bandari, utaelewa kwa nini wote waliipigania. Kisha ingia Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu. Inua macho uone roshani za mbao, na utazame nakshi za milango kwa karibu. Vaa kwa staha, na usimpige mtu picha hujamwomba ruhusa.

Gede ni mbali kwetu. Karibu na mji hakuna magofu? (Baba Zawadi, Changamwe)

Yapo, mzee wangu, na mimi nayapenda kuliko Gede: Jumba la Mtwana. Panda matatu ya Mtwapa, kisha tuktuk ikufikishe. Ni mji wa karne ya 14, umeachwa katikati ya mibuyu, na msikiti wake mmoja uko ufuoni kabisa. Karibu na msikiti huo pana kaburi lenye aya ya Kurani, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Soma pale, na mawimbi yanasikika nyuma yako. Gede, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, itengee siku nzima.

Julai tunataka kwenda kisiwa cha Wasini kuona pomboo. Tuende? (Wanandoa, Thika)

Ningewashauri msubiri. Julai ni majira ya upepo wa kusi, bahari huchafuka, na aliyezoea barabara ya lami atatapika njia nzima. Njooni wakati wa upepo wa kaskazi, Januari au Februari, maji yakiwa maangavu, mpande mashua Shimoni mwende hadi hifadhi ya Kisite. Kama likizo ni Julai tu, nendeni Shimba Hills, kule Kwale. Ndiko peke yake Kenya mtakakomwona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, porini, na askari wa hifadhi huwasindikiza watu kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick. Vukeni kwa feri ya Likoni alfajiri, kabla foleni ya magari haijawa ndefu.

Jioni, bila pesa nyingi? (Kijana, Voi)

Bustani ya Mama Ngina, ndugu yangu, pale ufuoni. Nunua viazi karai vingali moto, omba ukwaju wa kutosha, ukae chini ya mibuyu ukitazama mlango wa bandari ya Kilindini. Meli za makontena hupita karibu sana pale. Watoto huwapungia mkono mabaharia, na mara nyingine mmoja hupunga naye.