Oui, non na si: namna ya kujibu swali la kukanusha kwa Kifaransa

Wiki hii msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia kwa uchungu. Alikuwa katika mazungumzo ya mdomo ya DELF A1, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa wa ngazi ya kwanza, ile sehemu ambayo mtahini humwuliza mtahiniwa habari zake mwenyewe, akaulizwa, "Vous n'avez pas de frères ?", yaani, huna ndugu wa kiume? Binti huyu hana ndugu wa kiume, basi akajibu "Oui" (ndiyo) bila wasiwasi, akimaanisha kwamba ndivyo ilivyo, hana. Mtahini akatabasamu na kumwuliza majina yao. Tangu hapo alibabaika hadi mwisho, na sasa anauliza kama Kifaransa kimemshinda.

Hakijamshinda. Sehemu ya mdomo ina alama 25 kati ya 100, na anayefikisha 50 kwa jumla, bila kupata chini ya 5 katika sehemu yoyote, amefaulu. Jibu moja halimwangushi mtu. Lakini kilichomkuta huwakuta wengi wetu, na chanzo chake ni Kiswahili tunachofikiria nacho. Tukiulizwa "Hujala?" na kweli hatujala, hujibu "Ndiyo, sijala", kwa kuwa tunayakubali maneno ya muulizaji. Mfaransa hutazama jambo lenyewe. Kama halipo, husema "non" (hapana), hata kama muulizaji amekwisha kulikanusha. Kama lipo na swali limelikanusha, husema "si". "Tu n'as pas mangé ?" Aliyekula hujibu, "Si, j'ai mangé", na ambaye hajala hujibu, "Non, je n'ai pas mangé." Ugumu kwetu ni kwamba "si" ya Kiswahili hukanusha ilhali "si" ya Kifaransa huthibitisha, kwa hiyo ulimi hulikwepa neno hilo hata pale akili inapolijua.

Mimi nililijulia thamani yake kazini. Baada ya kusoma Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Kisumu na kukifanyia mtihani wa KCSE, niliajiriwa kuwa karani wa wakala mmoja wa forodha mpakani Busia, ambaye alishughulikia mizigo iliyotoka bandari ya Mombasa kwenda Kongo kupitia Uganda. Mkuu wa ofisi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba Kifaransa cha darasani hakina kazi mpakani, akaniweka kwenye kupanga mafaili. Niliyapanga.

Asubuhi moja mteja wa Bunia alipiga simu akauliza, "Le camion n'est pas parti ?", yaani, lori halijaondoka? Karani aliyepokea akajibu "Oui, oui", akikusudia kwamba ni kweli, lori halijaondoka. Mteja alielewa kwamba limeondoka, akatuma watu kulipokea, wakakesha bure. Alipopiga tena siku iliyofuata alikuwa amekasirika, na hakuna aliyetaka kuishika simu ile, nikaishika mimi. "Il n'est toujours pas parti ?" Bado halijaondoka? Nikamjibu, "Si, monsieur, il est parti ce matin", limeondoka asubuhi hii. Sauti yake ikatulia papo hapo. Watu huniuliza kwa nini hatukuongea Kiswahili, maana Bunia kinazungumzwa. Salamu zetu zilikuwa za Kiswahili, lakini yakifika makaratasi na malipo, mteja yule alirudia lugha aliyosomea. Tangu siku hiyo aliniulizia mimi. Mkuu wangu hakuyafuta maneno yake hata mara moja, nami sijayasahau, ila simu zote za Kongo zilihamia mezani pangu.

Ndugu msomaji, ukitaka kufika huko, lifunze sikio kabla ya ulimi. Katika mazungumzo ya kawaida "ne", neno la ukanusho linalotangulia kitenzi, humezwa, utasikia "T'as pas mangé ?" tu, kwa hiyo usiitegemee hata kidogo. Tega sikio upate maneno ya ukanusho yanayofuata kitenzi: "pas" (la kukanusha tu), "plus" (si tena), "jamais" (kamwe) au "rien" (si chochote). Ukilisikia mojawapo, iondoe "oui" mdomoni, jiulize ukweli wa jambo ni upi, kisha uchague "si" au "non". Halafu usiishie kwenye neno moja. Ongeza sentensi fupi, "Non, je n'en ai pas" (hapana, sina) au "Si, j'en ai deux" (ninao wawili), kwa sababu sentensi hiyo humwondolea msikilizaji shaka hata kama neno la kwanza limekuponyoka. Binti wa Nakuru angesema "Oui, je n'ai pas de frères", mtahini angeona kosa dogo la sarufi badala ya kumwuliza majina ya watu wasiokuwepo.

Uangalifu uo huo unahitajika mtu anaposema "Je n'aime pas le café" (siipendi kahawa) nawe pia huipendi: useme "Moi non plus" (wala mimi), kwani "Moi aussi" (mimi pia) haifuati ukanusho. Ukiwa unaipenda, sema "Moi si". Ukiulizwa "Ça vous dérange si j'ouvre la fenêtre ?", yaani, je, nikifungua dirisha nitakusumbua, ukajibu "Oui", umemkataza mwenzako kufungua dirisha, ukitaka alifungue, sema "Non, pas du tout" (hapana, hata kidogo). Na unapomsikia mtu akimalizia kwa "n'est-ce pas ?" (sivyo?), kama vile "Vous êtes de Nakuru, n'est-ce pas ?", usiivamie ile "pas" iliyo mwishoni. Sentensi yenyewe haikukanusha chochote, hivyo mtu wa Nakuru atajibu "Oui", na sisi wa Kisumu tutajibu "Non".