Kwa nini nyonga hutangulizwa kabla ya kurefusha paja

Ndugu mzazi, umeuliza kwa nini daktari anataka kuifanyia upasuaji nyonga kwanza, ilhali tatizo la mtoto ni paja fupi alilozaliwa nalo. Watoto wenye upungufu huu mara nyingi huwa pia na kikombe cha nyonga (tundu ambamo kichwa cha mfupa wa paja, yaani ncha yake ya juu ya mviringo, hukaa) kisicho na kina cha kutosha, na wengine shingo ya mfupa wa paja imeinama. Mfupa unaporefushwa, kwa kawaida takriban milimita 1 kwa siku, misuli na kano hazifuati kwa wepisi uleule. Mvutano wa misuli na kano hizo hukisukuma kichwa cha mfupa juu, na kama kikombe hakijakifunika vizuri, kichwa huanza kuchomoka polepole, pengine bila maumivu ya kumshtua mtu.

Kwenye eksirei hupimwa pembe ya Wiberg, inayoonyesha kichwa kimefunikwa kwa kiasi gani, na ikiwa chini ya nyuzi 20 wapasuaji wengi hupendelea kurekebisha kikombe kwanza na kungoja mfupa uunge. Kwa maoni yangu kuchelewa huko kunastahili, kwa sababu urefu unaweza kuongezwa baadaye, lakini nyonga iliyoharibika ni vigumu kuirudisha.

Hata baada ya marekebisho hayo, uangalizi hauishi. Mguu ukianza kushindwa kutanuliwa kando, au paja likibaki limekunjwa hata mtoto anapolala chali, mjulishe daktari mara moja badala ya kungoja kliniki ijayo, kwani huenda ikabidi urefushaji upunguzwe kasi au usimamishwe.