Binti akianza kurusha mikono na kupayuka baada ya mkasa

Kijana wa miaka 12 na kuendelea, mara nyingi binti, ghafla anaanza kurusha mkono, kujipiga kifua na kupayuka neno lile lile. Ndani ya siku chache hali imechacha. Hapa Tanga utaambiwa kapandwa na jini, au anajifanya. Yote mawili yanamuumiza. Huenda kapatwa na jambo zito, kipigo, msiba, pengine kuingiliwa, na mishtuko hii inamtoka bila hiari yake.

Tourette, ugonjwa wa neva unaomfanya mtoto ashtuke viungo au kutoa sauti bila kutaka, ni kitu kingine. Huanza taratibu, kwa kawaida miaka 5 hadi 7, kwa kupepesa macho au kukunja pua, na huwapata zaidi wavulana. Ukizichanganya hali hizi mbili, mtoto anaishia kupewa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ambayo mara nyingi haimsaidii na inaweza kumtia usingizi au kumkakamaza shingo.

Kinachozidisha mishtuko ni macho ya watu. Sebule imejaa, shangazi analia, mwingine anarekodi kwa simu: mkono hautulii. Mpe ukili asuke. Vidole vikishughulika na miyaa, mkono hutulia. Akiuweka ukili chini, mshtuko unarudi. Hapo ndipo watu husema, "Si unaona anaweza kujizuia!" Siyo. Akili ikishikwa na kazi, mshtuko hukosa nafasi, na matibabu huanzia hapo hapo.

Basi watoe watu chumbani. Usimkamate kwa nguvu. Akijipiga, weka mto kati ya ngumi na kifua, ondoa visu na glasi, endelea na mazungumzo ya kawaida. Akiwa ametulia, mfundishe kukanyaga chini nyayo zote mbili, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, dakika 5 asubuhi na jioni. Shuleni atoke kidogo kisha arudi darasani. Akirudishwa nyumbani kila mara, kurudi shule kunazidi kumtisha.

Usimhoji mkasa wake; akisema, sikiliza. Kama aliyemdhuru bado yumo nyumbani, mazoezi hayatafaa kitu. Mtenganishe naye kwanza. Simu ya watoto ni 116, bure.

Hospitali ni lazima, Bombo au iliyo karibu nawe, na umwombe daktari ushauri wa afya ya akili. Mweleze kama anapoteza fahamu, anang'ata ulimi au kujikojolea, maana hicho huenda ni kifafa. Mweleze pia kama aliumwa koo au viungo wiki au miezi iliyotangulia: kuna ugonjwa unaochezesha mikono na kudhuru moyo. Akitaja kujiua, mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.