Maswali ya Wasomaji: Vidonge vya Vitamini kwa Mama Kijacho

Tangu tuzungumzie lishe ya ujauzito, barua nyingi zimeuliza kuhusu vidonge. Tumechagua nne, majibu yake yatawafaa na wengine wengi.

Nina mimba ya wiki saba. Dukani nimeonyeshwa aina tano za vitamini za wajawazito. Moja ina viambato 23 na bei yake ni mara nne ya ile ya chini kabisa. Je, hiyo ya bei ndiyo bora?

Hongera, dada. Ligeuze boksi. Upande wa mbele ni picha ya tumbo na maneno matamu. Habari yenyewe iko nyuma, kwenye jedwali la maandishi madogo.

Anza na mistari miwili: asidi ya foliki mikrogramu 400, na madini ya chuma kati ya miligramu 30 na 60. Hicho ndicho kiwango cha kila siku ambacho Shirika la Afya Duniani linawapendekezea wajawazito. Kidonge cha bei ndogo chenye viwili hivyo kinakishinda cha bei kubwa chenye viambato 23 na chuma miligramu 5. Ukiona pia iodini mikrogramu 150 na vitamini D yuniti 400 hadi 600, umepata kizuri. Orodha ikianza kutaja majani na mizizi ya dawa, kirudishe. Mitishamba mingi haijapimwa usalama wake kwa mjamzito.

Sasa mitego ya lebo. Kwenye chuma, uzito wa chumvi yake, yaani kemikali iliyobeba chuma, si uzito wa chuma chenyewe. Salfeti ya chuma miligramu 300 inakupa chuma miligramu 60 tu. Ndivyo pia kwa fumareti miligramu 180 na glukoneti miligramu 500. Kwa hiyo boksi lililoandikwa 300 halilizidi lile la 180 kwa lolote. Kwenye foliki, baadhi ya lebo huandika takriban 670 zikifuatiwa na herufi DFE. Usishtuke: ni zilezile 400, zimehesabiwa kwa kipimo cha chakula. Na 0.4 kwa miligramu ni 400 kwa mikrogramu. Mwisho, angalia namba hizo ni za vidonge vingapi. Kuna chupa ambazo kiasi kilichoandikwa ni cha vidonge viwili au vitatu kwa siku. Anayemeza kimoja anapata nusu au theluthi, na chupa ya vidonge 60 inaisha kwa mwezi au chini yake.

Vile vya kutafuna vilivyo kama peremende ni vitamu, lakini vingi havina chuma kabisa. Ukivipenda, utahitaji kidonge cha chuma pembeni.

Sijashika mimba bado, tunapanga. Mume wangu anasema vitamini ni za baadaye, ninywe nikishapima. Na dukani nimekuta foliki ya miligramu 5 tu. Je, niichukue?

Kwa hili mumeo hayuko sahihi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga. Siku hizo wanawake wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au kasoro ya ubongo, na foliki inayoanzwa baadaye hairudishi nyuma. Anza angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Miezi miwili au mitatu ni bora zaidi.

Ile ya miligramu 5 ni zaidi ya mara kumi ya unachohitaji. Ni dozi ya daktari kwa wenye hatari kubwa: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, mwenye kisukari. Kama umo katika kundi hilo, muone daktari kabla ya kushika mimba. Kama humo, tafuta ya mikrogramu 400. Jambo jingine wanaloishi penye malaria wanapaswa kulijua: foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya dawa ya SP ambayo wajawazito hupewa kliniki kujikinga. Ile ya 400 haina shida hiyo.

Vidonge vya kuongeza damu vinanichafua tumbo. Nikivinywa asubuhi natapika, choo kimekuwa kigumu na cheusi. Nimeviacha wiki ya pili sasa. Nifanyeje?

Choo cheusi kisikutishe, ni chuma ambacho mwili haukukifyonza. La kukimbilia hospitali ni choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, hasa tumbo likiuma.

Hamisha kidonge kiende usiku, unapokwenda kulala. Kichefuchefu kikija kitakukuta usingizini. Chuma hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini kidonge kilichobaki tumboni baada ya chakula kidogo kina faida kuliko kilichotapikwa. Kimeze kwa maji au juisi ya chungwa, maana vitamini C husaidia ufyonzwaji. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu viache mbali kwa saa mbili. Watu wengi wanaolalamika kuwa vidonge havipandishi damu wanavishushia kwa chai. Kama unatumia dawa ya tezi ya shingo, iache mbali kwa saa nne. Kwa choo kigumu, ongeza maji, matunda na mboga.

Ikishindikana, mwambie mkunga, usiache kimya kimya. Anaweza kukubadilishia chumvi ya chuma, kukupunguzia dozi, au kukuandikia dozi ya mara moja kwa wiki iwapo huna upungufu. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, hivyo vidonge vya kinga havitoshi tena. Unahitaji tiba, na dozi yake ni kubwa zaidi.

Nakunywa vitamini ya wajawazito, na mama mkwe ameniletea mafuta ya ini la samaki. Je, naweza kuchanganya?

Mshukuru, ila usiyanywe. Mafuta ya ini yana vitamini A ya aina ya retinoli kwa wingi. Ikizidi yuniti 10,000 kwa siku, yaani mikrogramu 3,000, inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo usitumie kwa pamoja vidonge vya aina mbili vyenye mchanganyiko wa vitamini nyingi. Betakarotini, ile ya karoti, haina hatari hiyo. Mafuta ya samaki yanayotokana na mnofu ni kitu kingine. Chupa ikiwa haisemi yametoka wapi, iache.

Ukisahau kidonge cha jana, endelea na cha leo, usinywe viwili. Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani, chupa ikae juu ndani ya kabati lililofungwa: vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua.